Spika Kwanza, Wati Baadaye: Mwongozo Kamili wa Kuchagua na Kufunga Mziki wa Nyumbani Uganda

Ukiingia duka la redio Kampala, Busia au Arua, kitu cha kwanza utakachouziwa ni namba. "Hii wati elfu tano, mzee wangu. Mtaa mzima utajua umenunua." Namba yenyewe imechapwa kwenye katoni kwa herufi kubwa, na pembeni yake, kwa herufi ndogo, pameandikwa PMPO, yaani nguvu ya kilele cha kufumba na kufumbua, namba ya matangazo tu. Mwombe muuzaji aigeuze sabwufa hiyo uone mgongo wake. Karibu na mahali waya wa umeme unapotokea kuna kibandiko, na mara nyingi kitakuambia kuwa chombo hicho kinakula wati 60 au 80. Chombo kinachokula wati 60 ukutani hakiwezi kutoa elfu tano kwenye spika. Tena sehemu ya hizo 60 inaishia kuwa joto, kwa hiyo kinachobaki kuwa muziki ni wati 30 au 40 hivi.

Hapo ndipo pesa za watu wengi zinapopotelea. Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kinyume na mpangilio wa dukani: tunaanza na chumba, halafu spika, na amplifaya inakuja baada ya hizo mbili.

Hatua ya 1: Kijue chumba chako

Pima urefu na upana wa sebule. Nyingi zetu zinakuwa kama futi 12 kwa 14, sakafu ya saruji, kuta za plasta, juu mabati, dari huenda ipo au haipo. Simama katikati upige kofi moja kali. Ukisikia mlio unaorudi na kutetemeka hewani, chumba kina mwangwi, na mwangwi huo utaharibu sauti ya spika yoyote, iwe ya bei gani. Dawa yake haiuzwi duka la redio: zulia au mkeka mnene mbele ya viti, pazia nzito dirishani, makochi ya kitambaa, kabati lenye vitabu na vitu vingi vya maumbo tofauti. Fanya hayo kabla ya kununua chochote. Usipokuwa na dari, iweke akilini kwa siku za usoni, maana hakuna amplifaya ya nyumbani inayoshindana na mvua ya mabati. Ikinyesha, zima uongee na watu.

Jiulize pia umeme wako ni upi. Wa gridi kwa mita ya Yaka, ile ya kulipia kabla? Sola yenye betri ya volti 12? Vyote viwili? Jibu litabadilisha aina ya amplifaya utakayonunua.

Hatua ya 2: Chagua spika

Tenga nusu ya pesa yako, au zaidi kidogo, kwa ajili ya spika. Ndizo zinazogeuza umeme kuwa sauti, na tofauti kati ya spika mbaya na nzuri utaisikia hata ukiwa jikoni. Tofauti kati ya amplifaya mbili zilizo salama ni ndogo mno ukilinganisha.

Kwa sebule ya ukubwa niliotaja, jozi ya spika ndogo zenye wufa (koni kubwa ya besi) ya inchi 5 hadi 6.5 na twita yake (ile ndogo ya sauti za juu) inatosha kabisa. Zile ndefu za kusimama sakafuni zinafaa chumba kikubwa zaidi. Kwenye chumba kidogo besi yake hujaa hadi maneno ya mwimbaji yanazama.

Mgongoni mwa spika, au kwenye karatasi yake, tafuta namba mbili. Ya kwanza ni wepesi wake wa kuitikia, inayoandikwa kwa desibeli, mfano 87 dB. Maana yake ni kwamba ukiipa wati 1 na kuisikiliza ukiwa mita 1, utapata sauti ya desibeli 87. Namba hii ina uzito kuliko wati, na hesabu yake ni hii: kila unapotaka desibeli 3 zaidi, lazima wati ziwe mara mbili. Spika ya 90 dB kwa wati 25 inalia sawasawa na spika ya 87 dB kwa wati 50. Na ili sikio lihisi sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji karibu desibeli 10, yaani wati mara kumi. Ndiyo maana kutoka amplifaya ya wati 50 kwenda ya 100 hakuleti kelele mara mbili kama watu wanavyotarajia. Ni nyongeza ndogo tu.

Namba ya pili ni omu, kipimo cha ukinzani wa umeme: 8, 6 au 4. Kadiri omu zinavyoshuka, ndivyo spika inavyovuta mkondo mwingi kutoka kwa amplifaya. Iandike, tutaihitaji.

Wengi wetu tutanunua zilizokwisha kutumika, hasa zinazoletwa kutoka Uingereza, na huko kuna vitu vizuri kuliko spika nyingi mpya za bei hiyohiyo. Lakini kagua. Toa kitambaa cha mbele uangalie ile pete inayozunguka wufa. Ikiwa ni ya sponji, iguse taratibu kwa kidole: sponji huoza baada ya miaka kumi na kitu na kuanza kumeguka, na joto na unyevu vinaiharakisha. Pete ya mpira hudumu zaidi. Kisha weka vidole vinne kuzunguka katikati ya wufa uisukume ndani polepole na kwa usawa. Ikikwaruza, koili ya ndani imeungua au imepinda, iache hapo. Ukiwa na mita ya fundi, pima kati ya vituo viwili vya nyuma: spika ya omu 8 kwa kawaida husoma karibu 5.5 hadi 7, ya omu 4 husoma karibu 3 hadi 3.5. Isiposoma kabisa, kuna kitu kimekatika ndani. Mwisho, cheza muziki kwa sauti ya chini na ulete sikio kwenye kila twita, moja baada ya nyingine. Twita iliyokufa ni rahisi kuikosa dukani katikati ya kelele za mtaa, kwa sababu wufa inaendelea kulia kama kawaida na spika inaonekana nzima.

Kama spika ina vituo vinne vya waya nyuma badala ya viwili, hakikisha vile vibamba vya chuma vinavyoviunganisha bado vipo. Vikipotea, nusu ya spika haitalia, na vipande viwili vifupi vya waya vitaziba pengo hilo bila gharama.

Kuhusu maboksi ya kuchongesha: hapa Kampala mbao na mafundi wapo Ndeeba, na wufa za magari zimejaa soko la vipuri la Kisekka. Inawezekana kupata kitu kizuri, ila boksi linataka ujazo unaolingana na wufa iliyomo, si kipimo cha macho. Wufa nyingi za magari pia ni za omu 4, na hakuna twita ya kuzisaidia ukiziweka peke yake.

Hatua ya 3: Chagua amplifaya

Sasa unajua omu na desibeli za spika zako. Tafuta amplifaya ya stereo ambayo maandishi yake yanasema wati za RMS (zile inazoweza kutoa mfululizo), kwa kila upande, kwa omu ngapi. Mfano: 2 x 40 W, 8 omu. Maandishi ya namna hiyo yanaaminika. Yale ya PMPO au ya "mpaka" hayana kipimo.

Wati ngapi? Chukua spika za 87 dB, wewe umekaa karibu mita 3. Wati moja kwa kila spika itakufikishia desibeli 83 hivi, na hiyo tayari ni sauti ya mtu anayetaka kusikiliza kweli. Mazungumzo ya kawaida hayafiki 70. Ila ngoma inapogongwa, muziki huruka ghafla juu ya kiwango chake cha kawaida, na hapo amplifaya inahitaji akiba ya mara kumi au zaidi. Wati 30 hadi 50 za kweli zinamaliza kazi katika sebule. Sherehe ya uani ni habari nyingine. Kodisha mziki wa sherehe, usiue wa ndani.

Na kuua kupo. Watu wanadhani spika hufa kwa wati nyingi, lakini mara nyingi hufa kwa amplifaya ndogo iliyofunguliwa hadi mwisho. Inapoishiwa nguvu, huyakata mawimbi ya sauti vichwani, na mikato hiyo huzaa sauti kali za juu zinazokwenda kuunguza twita. Ukisikia muziki umeanza kukwaruza, rudisha chini mara moja.

Omu za spika zisipungue kiwango kilichoandikwa nyuma ya amplifaya. Ikisema 8–16, usiifungie spika za 4. Na ukifunga spika mbili za omu 8 sambamba upande mmoja, amplifaya inaona omu 4. Hapo ndipo mtu anaongeza spika ya chumbani, inalia vizuri siku chache, halafu harufu ya kuungua inajaza nyumba.

Ukinunua iliyotumika, swali la kwanza ni volti. Uganda tunatumia volti 240, Hz 50. Za Uingereza zinaingia moja kwa moja, hata plagi ni ileile ya miguu mitatu. Za Japani ni za volti 100, za Marekani ni 120. Ukizichomeka ukutani bila transfoma ya kushusha, zimekwisha. Baadhi zina swichi ya kuchagua volti nyuma. Iangalie kwa macho yako, usikubali "hii ni ya kwetu" ya mdomo.

Kisha iwashe. Amplifaya nyingi nzuri hukaa sekunde chache halafu unasikia "tak" ndani, ulinzi wake unafungua njia ya spika. Zungusha kila kitasa: kikwaruzo kidogo ni vumbi, fundi anakisafisha kwa dawa ya kupuliza, upande mmoja ukipotea kabisa na kurudi, shusha bei au ondoka. Kabla ya kufunga spika, pima volti za DC (umeme wa aina ya betri) kwenye vituo vya spika bila muziki wowote. Chini ya milivolti 50 ni salama. Zikipita 100, kuna ugonjwa ndani utakaohamia kwenye spika zako.

Walio kwenye sola wasitafute mashine kubwa. Kuna amplifaya ndogo za daraja D, nyingine zimejengwa juu ya chipu ya TPA3116 ya Texas Instruments, zinazokubali umeme wa DC hadi volti 26. Ukiifunga moja kwa moja kwenye betri ya volti 12, itakupa karibu wati 9 kwa kila spika ya omu 8, au mara mbili yake kwa omu 4. Kwa spika za 90 dB hiyo ni sauti ya kutosha, na kwa kuwa haipotezi umeme mwingi kwa joto, betri inavumilia jioni nzima. Weka fyuzi kwenye waya chanya karibu na betri. Bila fyuzi, waya wa betri ukigusana unawasha moto.

Hatua ya 4: Tayarisha umeme

Umeme unapokatika si tatizo kubwa. Tatizo ni unaporudi, kwa sababu mara nyingi unarudi na kishindo. Kinga ya friji yenye kuchelewesha dakika kadhaa kabla ya kupitisha umeme ni rahisi na inafaa. Mahali ambapo volti zinacheza, taa zinafifia jioni kisha zinawaka kupita kiasi usiku, ongeza stebilaiza yenye uwezo mara mbili au tatu ya kile amplifaya inachokula. Ukisikia mziki unanguruma ukiwa kwenye invata lakini unatulia kwenye gridi, invata yako inatoa wimbi lililochongwa. Ile ya wimbi safi (pure sine wave) ndiyo tiba.

Hatua ya 5: Nyaya

Hapa usitumie pesa nyingi. Waya wa shaba wa kawaida wa milimita za mraba 1.5 unatosha hadi mita 10. Ukiwa na 2.5 hutawaza tena. Jambo la kuogopa ni ule wa alumini uliopakwa shaba, ambao maduka mengi yanao. Ukwangue kwa kisu: ukiwa mweupe ndani, si shaba.

Zima kila kitu. Menya sentimita moja, sokota nyuzi zote zibaki kamba moja, kisha fuata rangi: nyekundu ya amplifaya kwenda nyekundu ya spika, nyeusi kwa nyeusi, pande zote mbili. Uzi mmoja uliochomoza ukigusa kituo cha jirani unaweza kuiua amplifaya siku ya kwanza. Kwa spika kuukuu zilizofutika rangi, gusisha betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja: wufa ikiruka mbele, upande uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika.

Hatua ya 6: Kuziweka

Hatua hii haina gharama, na ndiyo watu wanaoiruka. Nimeona spika nzuri zimewekwa moja juu ya kabati, nyingine nyuma ya kochi, zote zimefunikwa vitambaa vya kushona. Zinalia, ndiyo, lakini stereo haipo.

Anza na pembetatu. Umbali kati ya spika mbili uwe sawa na umbali wa kila spika hadi kichwani kwako ukiwa umekaa. Mita 2 hadi 2.5 kila upande inakwenda vizuri. Twita ziwe usawa wa masikio yako kitini, karibu sentimita 95 hadi 100 kutoka sakafuni. Seremala yeyote atakutengenezea stendi mbili. Ziwe nzito, zisiyumbe. Mwanzoni zigeuze spika zikutazame, halafu zifungue kidogo kidogo nje mpaka sauti ya mwimbaji isikike kutoka katikati, hewani, mahali pasipo na spika yoyote.

Ukuta ndio kitasa cha besi. Spika ikisogea ukutani besi inaongezeka, ikiingia kwenye kona inaongezeka maradufu na kuwa ya kuvuma. Anza na sentimita 30 hadi 50 kutoka ukuta wa nyuma, hasa kama tundu la hewa liko mgongoni, kisha sogeza kwa vidole vichache huku ukisikiliza. Kwa adungu, kinubi cha Waalur, nasema hivi: kwenye rekodi nzuri ya kundi la adungu, ile kubwa ya besi inatakiwa isikike kamba kwa kamba. Ikigeuka kuwa mngurumo mmoja usio na noti, spika ziko karibu mno na ukuta.

Kiti nacho kina mahali pake. Chumba cha futi 12 kina mvumo wake wa asili karibu Hz 47. Ukikaa katikati kabisa ya urefu huo, besi hiyo inapotea. Ukiegemeza kichwa ukutani, inakuzidi. Sogeza kochi nusu hatua tu mbele ya ukuta na utashangaa. Halafu mwombe mtu apitishe kioo kwenye ukuta wa kando huku wewe umekaa: pale unapoiona spika ndani ya kioo ndipo sauti inapodunda. Tundika pazia au zulia hapo.

Kama unakaa vyumba vya kupanga vilivyoshikana, ukuta mmoja na jirani, weka spika kwenye ukuta usio wake, na chini ya kila spika tia vipande vinne vya mpira wa tairi. Besi hupita kwenye saruji kuliko hewani. NEMA, mamlaka ya mazingira, ina kanuni za kelele, lakini jirani atakugongea mlango mapema zaidi kuliko wao.

Amplifaya yenyewe ipumue. Sentimita 10 za hewa juu yake, na kile kitambaa kizuri cha mama kihamie kwenye meza.

Hatua ya 7: Washa, sikiliza, tafuta kasoro

Punguza sauti hadi sifuri, washa chanzo kwanza (simu, televisheni, deki) kisha amplifaya. Unapozima, amplifaya iende kwanza. Hivyo ule mshindo wa kuwasha vyombo haufiki kwenye spika.

Simu kwa waya: tumia waya wa AUX wenye ncha mbili nyekundu na nyeupe, sauti ya simu iwe karibu juu kabisa, kisha urekebishe kwenye amplifaya. Televisheni za sasa nyingi hazina tundu la kawaida la sauti, ila zina la mwanga (optical). Utahitaji kisanduku cha kubadilisha, na kwenye mipangilio ya televisheni uchague PCM, la sivyo kisanduku kitakaa kimya. Mashine ya santuri kwa kawaida inaingia tundu lililoandikwa PHONO, na chombo kingine chochote kisiingie humo.

Weka vitasa vya besi na trebo katikati. Cheza wimbo wenye mwimbaji mmoja. Sauti yake ikiwa imetawanyika na besi ni nyembamba, waya wa spika moja umegeuzwa; rudia hatua ya 5. Mngurumo wa chini usiobadilika hata ukipunguza sauti mara nyingi ni mzunguko wa ardhi, yaani vyombo vimeunganishwa na ardhi kwa njia zaidi ya moja: chomoa waya wa dishi au antena. Ukinyamaza, chanzo umekipata. Chomeka vyombo vyote kwenye soketi moja, na kamwe usikate mguu wa ardhi wa plagi ili kuondoa kelele, maana ndio unaokuokoa chombo kikivuja.

Sabwufa ya kuongeza, kama bado unaitaka baada ya haya, ikate kwenye Hz 80 hivi, icheze sauti za chini ya hapo tu. Iweke kwa muda palipo kiti chako, cheza besi, kisha tembea ukiinama kuzunguka chumba. Pale besi inaposikika safi na ya usawa, hapo ndipo pa kuiweka.

Ngurumo zikianza, usitegemee swichi wala kinga. Chomoa plagi ukutani, na waya wa dishi nyuma ya televisheni pia, kwa sababu radi huweza kuingilia huko kama inavyoingilia kwenye umeme.